Fundi wa Baisikeli na Wateja Wake

Mji wa Lushoto uko juu katika milima ya Usambara, kadiri ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Wakati wa utawala wa Wajerumani uliitwa Wilhelmstal. Chini ya milima, katika nchi tambarare yenye joto, uko mji mdogo wa Mombo, ambao reli iliyotoka Tanga iliufikia mwaka 1905. Kati ya Mombo na Lushoto ipo barabara yenye urefu upatao kilometa 33, nayo katika mwendo huo hupanda kadiri ya mita 1,000. Upande mmoja wa barabara ni mwamba, na upande wa pili ni korongo. Kona zake ni nyingi, na katika safari hiyo mtu hupita Soni, penye maporomoko ya maji.

Mtu apandaye njia hiyo kwa baisikeli hutoka jasho. Mara hushuka, akaisukuma kwa mikono. Mtu ashukaye hana kazi ya miguu hata kidogo. Lakini huyu ashukaye ndiye aliye hatarini. Kitu kimzuiacho asitumbukie korongoni ni vipande vinne vya mpira, viwili mbele na viwili nyuma, na kila kimoja ni kidogo kama kidole gumba. Navyo hivyo vipande vinne, yeye hakuvitia kwa mkono wake. Alivitia fundi.

Kwa sababu hiyo kazi ya fundi wa baisikeli wa milimani hailingani na kazi ya fundi wa pwani. Katika nchi tambarare breki ikilegea, mwenye baisikeli huacha kukanyaga, akatia mguu chini, akasimama. Katika mteremko wa Usambara mguu haufai kitu. Basi yafaa kuwajua mafundi hawa na watu wawaendeao, kwani katika kibanda kidogo cha baisikeli hupatikana mafunzo ya uaminifu yafaayo kwa kila kazi.

Baisikeli si chombo cha zamani sana. Mwaka 1817 Mjerumani aliyeitwa Karl Drais alitengeneza chombo cha mbao chenye magurudumu mawili. Hakikuwa na pedeli. Mpandaji alikiendesha kwa kusukuma ardhi kwa miguu yake. Mwaka 1885 Mwingereza John Kemp Starley, wa mji wa Coventry, alitengeneza baisikeli ambayo magurudumu yake mawili yalikaribia kulingana, na mnyororo ulizungusha gurudumu la nyuma. Hiyo ndiyo mama wa baisikeli za sasa. Kisha, mwaka 1888, John Boyd Dunlop, mganga wa wanyama aliyekaa Belfast, alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake wa mpira wenye upepo ndani. Aliujaribu kwanza katika baisikeli ya mwanawe, iliyokuwa na magurudumu matatu.

Baada ya hapo mpira ulitafutwa sana ulimwenguni. Hata katika nchi iliyo chini ya milima ya Usambara, upande wa Muheza na Tanga, Wajerumani walipanda mashamba ya mipira, nayo yakastawi kwa muda, mpaka bei ilipoanguka mwaka 1913.

Siku hizi pikipiki zimechukua kazi nyingi zilizokuwa za baisikeli. Jina lenyewe la bodaboda lilianza kwa waendesha baisikeli wa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, waliochukua abiria kutoka mpaka huu mpaka ule. Walakini baisikeli haijafa. Haili mafuta ya petroli; hupita katika njia nyembamba za mashambani; na mtu asiyeweza kununua pikipiki aweza kuipata. Ndiyo maana kazi ya fundi wa baisikeli ingali ipo.

Kibanda cha fundi huyu hakihitaji kuandikwa jina mlangoni. Mpira wa nje uliochakaa, ulioning'inizwa kwenye tawi la mti au kwenye mwimo wa mlango, watosha kuwaambia watu. Chini pana karai la maji, pampu, nyundo, spana za kila kadiri, tupa, kipande cha msasa na kopo la gololi zilizolowekwa katika mafuta. Kando hulala baisikeli zilizopinduliwa, magurudumu juu, kama wanyama waliochoka.

Mtu asiyeijua kazi hiyo hudhani ni kazi rahisi. Ni kweli kwamba kuziba tundu hakuchukui muda mrefu, lakini kuna utaratibu wake. Kwanza fundi huutoa mpira wa ndani, akaujaza upepo, akautumbukiza katika maji, akiangalia mahali panapotoka mapovu. Hupatia alama. Kisha huukausha, akaupiga msasa, akapaka solusheni, akangoja. Kungoja huku ndiko kunakowashinda wengi. Solusheni isipokauka kidogo, kiraka hakishiki vizuri. Kitashika leo, kesho kitabanduka. Fundi mwenye haraka hubandika upesi, akapokea fedha, na mteja akaenda zake akifurahi. Furaha yake haifiki mbali.

Gurudumu lililopinda ni kazi kubwa zaidi. Baisikeli za Kiingereza za zamani zilikuwa na spoki 32 katika gurudumu la mbele na 40 katika la nyuma, kwa kuwa gurudumu la nyuma ndilo lichukualo uzito mwingi. Spoki hizo zote huvutana. Fundi akiikaza moja kupita kiasi, ukingo wa gurudumu huja upande huo. Akiilegeza, huenda upande wa pili. Kwa hiyo hulizungusha gurudumu polepole, jicho likiwa karibu na breki, akikaza hapa robo ya mzunguko na kulegeza pale robo, mpaka gurudumu lizunguke bila kuyumba. Wala hakuna mteja awezaye kuhesabu ni spoki ngapi zilizoguswa. Humwamini tu.

Hapo ndipo lilipo jambo kubwa la habari hii. Mtu anunuaye viazi huvitazama, akavishika, akavichagua. Mtu anunuaye nguo huinyoosha mbele ya mwanga. Lakini mtu apelekaye baisikeli kwa fundi hununua kitu asichokiona. Haoni kama gololi zilizotiwa ni kumi au nane. Haoni kama kiraka kilingojewa. Huona tu baisikeli iliyosimama, na mkono wa fundi ulionyoshwa kupokea fedha. Asilolijua mteja, fundi alijua. Na ujuzi huo aweza kuutumia kumfaa mwenzake au kumla.

Ilitokea siku moja katika kibanda kimoja cha Lushoto kwamba mvulana wa shule alikuja akisukuma baisikeli ya baba yake, mpira wa nyuma ukiwa bapa.

Mvulana akasema, "Shikamoo, mzee."

Fundi akajibu, "Marahaba, mwanangu. Umetoboka lini?"

"Jana nilizibiwa kwa fundi mwingine, mzee. Leo asubuhi nimeukuta hauna upepo tena."

Fundi akautoa mpira wa ndani, akaujaribu katika maji. Kiraka cha jana kilikuwa kizima. Tundu lilikuwa jipya, kando kidogo ya lile la kwanza. Fundi hakukimbilia solusheni. Aliuchukua mpira wa nje, akapitisha vidole ndani yake polepole, pande zote, kama mtu atafutaye sindano katika mkeka. Mara akasimama. Akamwita mvulana, akamwambia, "Lete kidole chako hapa. Polepole."

Mvulana akagusa, akarudisha mkono upesi. Mwiba ulikuwa umejificha ndani ya mpira, ncha yake ikiwa imetokeza kidogo tu.

Fundi akasema, "Huyu ndiye adui yako. Fundi wako wa jana alikuzibia jeraha akauacha mwiba. Ukizibiwa mara mia bila kuutoa, utatoboka mara mia."

Akautoa kwa koleo, akampa mvulana auchukue. Kisha akaziba tundu, akatoza bei ya kiraka kimoja. Fundi huyu angaliweza kuuacha mwiba ule mahali pake, na kesho mvulana angalirudi na fedha nyingine. Aliikataa fedha ya kesho. Walakini tangu siku ile mvulana hakuenda kwa fundi mwingine, na baba yake pia, na majirani wa baba yake. Mwiba ule ulikaa dirishani mwa nyumba yao muda mrefu, na kila aliyeuuliza alihadithiwa. Wenye hekima walisema zamani kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Lakini uaminifu wa mkono hautoshi. Fundi huyu huyu, aliyekuwa mwaminifu katika kila alilolifanya, alipata kujifunza jambo lingine, nalo lilimwuma.

Ilikuwa wakati wa masika. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mapaa ya nyumba, na barabara haikukauka kwa siku nyingi. Alasiri moja kijana mchukuzi wa mboga alifika kutoka upande wa Magamba. Kesho yake ilikuwa siku ya gulio huko Soni, naye alikuwa amekwisha kununua kabichi za kuuza. Kibandani walikuwapo watu wengi, wengine wakingoja baisikeli zao, wengine wakijificha mvua.

Kijana akaamkia, akasema, "Fundi, nataka unitilie mafuta katika mnyororo, na kunifungia kengele hii mpya. Alfajiri nateremka Soni na mzigo."

Fundi akainua gurudumu la mbele, akalizungusha, akabana breki. Gurudumu likaendelea kuzunguka kana kwamba hakuna kilichotendeka. Akainama akatazama. Raba za breki zilikuwa zimekwisha kabisa, na chuma kilichozishika kilikuwa kimeanza kukwaruza ukingo wa gurudumu. Akatazama nyuma, huko nako ni vivyo hivyo.

Fundi akainuka, akacheka, akawageukia watu, akasema kwa sauti kubwa, "Jamani, tazameni maajabu! Hana breki, naye ataka kengele. Kesho atatupigia kengele ya msiba wake mwenyewe."

Watu wote wakacheka. Kijana akainamisha macho.

Akasema, "Nitie kengele tu, fundi. Leo fedha ya raba sina."

"Basi hata baisikeli huna. Hapa kwangu haitoki hivi."

"Baisikeli ni yangu, fundi."

"Ni yako. Lakini ukianguka watauliza, ni fundi gani aliyeitengeneza? Nami sitaki jina langu litajwe na kabichi zako."

Watu wakacheka tena, kuliko mara ya kwanza. Kijana hakujibu neno. Aliichukua baisikeli yake, akatoka katika mvua, akaenda kwa fundi mwingine upande wa pili wa mji. Huko alitiliwa mafuta na kufungiwa kengele, wala hapakuwa na mtu aliyeinua gurudumu. Alipewa alichokitaka, akalipa, akaagana na fundi yule kwa shukrani.

Katika kibanda cha kwanza palikuwa na mzee mmoja aliyekuwa akingoja baisikeli yake. Hakucheka pamoja na wengine. Watu walipotawanyika, alimwambia fundi, "Mwanangu, dawa uliyompa yule kijana ilikuwa dawa ya kweli. Lakini ulimnywesha ikiwa inachemka. Nani ameza?"

Fundi akajitetea, akasema kwamba alisema kweli tupu, na kwamba kweli si kosa. Mzee hakubishana naye. Alilipa, akaenda zake.

Yafaa kueleza hapa kwa nini breki ya mteremko ni jambo la kufa na kupona. Baisikeli iendayo kwa mwendo maradufu haitaki nafasi maradufu ya kusimama. Yataka nafasi mara nne. Basi mtu aliyezoea kusimama kwa hatua tano, mwendo wake ukiwa mara mbili, atahitaji hatua ishirini, na kona haimngoji. Tena mzigo ulio nyuma humsukuma mbele. Tena baisikeli nyingi za aina ya zamani zina ukingo wa chuma, na chuma kikilowa maji, raba huteleza juu yake kama mguu juu ya jiwe lenye ukoga. Kwa hiyo wakati wa mvua mpandaji mwenye busara hubana breki mapema, kidogo kidogo, ili raba ifute maji kwanza kabla haijahitajiwa kushika kweli. Lakini asiye na raba hana cha kufutia maji, wala cha kushika.

Alfajiri kijana alianza safari. Mwanzo alikwenda pole, akiburuta viatu barabarani kupunguza mwendo. Kisha njia ikainama zaidi. Viatu vikawa havifai. Alipotokea katika kona, aliwaona ghafula katika ukungu wanawake wanne wanaokwenda sokoni, vikapu kichwani, wameijaza nusu ya barabara. Kengele aliipiga, nayo ililia vizuri sana. Wanawake walisikia, wakageuka, lakini hapakuwa na nafasi ya kukimbilia. Upande wa kushoto ni korongo. Upande wa kulia ni ukuta wa udongo. Kijana akachagua ukuta. Akapinda usukani, akajipiga udongoni pamoja na mzigo wake wote.

Wanawake hawakuguswa. Kijana alivunjika mkono wa kuume. Kabichi zilibingirika korongoni, na gurudumu la mbele lilikunjamana. Wale wanawake ndio waliomwinua, wakamfunga mkono kwa kanga, wakasimamisha gari lililokuwa likipanda, akapelekwa hospitali.

Habari ilifika Lushoto kabla ya adhuhuri. Waliokuwapo kibandani siku ya jana walikuja kumpongeza fundi, wakimwambia, "Kweli wewe ni fundi! Ulisema, na imekuwa." Hapo fundi alipaswa kufurahi kama alitaka kushinda. Lakini hakufurahi. Alilitazama daftari lake lililokuwa juu ya sanduku. Katika daftari lile aliandika majina ya watu aliowakopesha, kwani alijua kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwamo wachukuzi, wakulima, hata mwalimu mmoja. Kumkopesha yule kijana raba nne mpaka baada ya gulio lilikuwa jambo jepesi kabisa kwake. Alikuwa na raba. Alikuwa na daftari. Alikuwa na nafasi. Lakini neno la mkopo halikupata kusemwa, kwa sababu kicheko kilitangulia. Kijana hakuondoka kwa ajili ya ukosefu wa fedha. Aliondoka kwa ajili ya haya.

Baada ya wiki kadhaa mdogo wake aliileta baisikeli ile, ukingo wa mbele umekunjamana. Fundi akatia ukingo mwingine wa mitumba, akafunga spoki mpya na raba nne. Siku ya kuichukua alikuja kijana mwenyewe, mkono ukiwa bado umefungwa.

Fundi akainuka, akamkaribisha akae, akasema, "Pole, mwanangu. Siku ile nilikuambia neno la kweli, lakini nililisema mbele ya watu, nikakuaibisha. Ilinipasa kukuita kando."

Kijana akajibu, "Nimekwisha kupoa, fundi. Hata mimi niliijua breki yangu tangu nyumbani. Kabla sijanunua kengele ningalinunua raba. Lakini nilitaka watu wa sokoni wanisikie nikija."

Akalipa nusu ya fedha. Nusu iliyobaki iliandikwa katika daftari, naye akaimaliza baada ya magulio mawili, kwa kuwa dawa ya deni ni kulipa.

Tangu hapo fundi alibadili mambo fulani katika kibanda chake. Alitundika uzi wenye raba mbili za breki, moja mpya na moja iliyokwisha. Baisikeli ikiletwa, huinua gurudumu lake kabla ya kuuliza neno lolote, na akiona breki imechakaa humwita mwenyewe karibu, akamwambia kwa sauti ya chini, "Linganisha yako na hizi mbili. Yako yafanana na ipi?" Mteja hutazama, akajiambia mwenyewe. Na ambaye hana fedha huambiwa habari ya daftari kabla hajapata nafasi ya kuona haya. Wachache hukataa. Wengi hukubali, kwani si rahisi mtu kukasirikia jicho lake mwenyewe.

Jambo la pili alilolibadili ni zamu. Hapo kwanza, mtu mwenye baisikeli mpya yenye gia nyingi alipofika, fundi aliacha kazi iliyo mikononi akamhudumia yeye. Mama aliyeleta baisikeli kuukuu ya mumewe aliweza kukaa tangu asubuhi mpaka jua kukaribia kuchwa, wala hapana aliyemwuliza. Sasa kila ajaye hupewa kibati chenye namba, nao huhudumiwa kwa kufuata namba. Mwenye gari hungoja nyuma ya mwenye jembe. Mwanzoni wakubwa wengine walinung'unika. Baadaye walinyamaza, maana waliona kwamba zamu inayowachelewesha leo ndiyo itakayowalinda kesho.

Haya yote ni wajibu wa fundi. Lakini mteja naye anao wake, na watu wengi huusahau. Wako wateja waifichao kweli. Huulizwa, "Iliangukaje?" hujibu, "Haikuanguka; imejipinda tu." Fundi asiyejua iliyotukia hutengeneza alionalo na kuacha asiloliona, kama mganga aliyedanganywa na mgonjwa. Wako walioleta baisikeli imefunikwa tope hata spoki hazionekani, kisha wakateta kwamba kazi imechukua muda mrefu. Wako wasimamao juu ya kichwa cha fundi, wakisema "Haraka, haraka," na solusheni haijakauka.

Wabaya kupita hao ni wale washushao bei mpaka fundi asibakiwe na kitu. Kupatana bei si kosa; biashara haigombi. Lakini mtu akimlazimisha fundi kupokea bei isiyofikia gharama ya kitu chenyewe, atakipata wapi kitu kizuri? Atachukua gololi zilizokwisha kutumika katika baisikeli nyingine, atachukua raba zilizochongwa kutoka mpira wa gari, atazitia, atapaka mafuta juu yake zing'ae. Mteja ataondoka akijisifu kwamba amemshinda fundi. Katika kona za Soni ndipo itakapojulikana nani aliyeshindwa. Rahisi ni ghali.

Kwa hiyo kila mwanafunzi apandaye baisikeli katika milima hii na azoee kufanya mambo manne kabla hajaanza kuteremka. Kwanza, abane breki zote mbili, ya mbele na ya nyuma, na kuisukuma baisikeli; magurudumu yasigeuke. Pili, aminye mipira kwa kidole gumba aone kama upepo watosha. Tatu, auangalie mnyororo kama haukulegea. Nne, aushike usukani, na gurudumu la mbele kati ya magoti yake, aone kama haukuachana nalo. Kazi hiyo haipiti dakika mbili. Kengele na aipige mwisho.

Na wale watakaokuja kuwa mafundi wenyewe, iwe ni wa baisikeli, au wa cherehani, au wa nyumba, au waganga wa hospitali, au walimu, wakumbuke kwamba mtu aijiaye kazi yao haoni wanayoyaona wao. Asipoambiwa kweli, atadhurika. Akiambiwa kwa kudharauliwa, ataikimbia kweli hiyo na kwenda kwa mtu atakayemdanganya kwa upole. Basi na aambiwe kweli, tena aambiwe kwa namna itakayomwezesha kuipokea, maana huyo huyo kesho atakuwa njiani kati ya watu wengine, na usalama wao utakuwa mikononi mwake.